Sinema Isiyo na Maneno

Wengi wetu tumezoea sinema ambazo watu wanasema. Huyu anauliza, yule anajibu, na mara nyingine yupo msimulizi wa kutueleza kila kitu. Lakini ipo sinema ya aina nyingine. Hiyo haina msimulizi wala mazungumzo. Wanaonekana watu katika kazi zao za kila siku, basi.

Hebu tuchukue moja. Mwaka 1958 Bert Haanstra, mtu wa Uholanzi, alitengeneza sinema inayoitwa Glas, maana yake kioo. Ni fupi, kama dakika 11 tu. Ilipata tuzo ya Oscar ya mwaka 1959 huko Marekani. Ndani yake tunawaona mafundi wa kiwandani. Fundi anatia bomba refu la chuma katika tanuru, anatoa donge la kioo kilichoyeyuka, jekundu kama kaa la moto. Anapuliza. Mashavu yanavimba, na donge nalo linavimba. Analizungusha, anapuliza tena, mpaka linakuwa chombo. Muziki unakwenda pamoja na pumzi zake.

Halafu inaonyeshwa mashine. Chupa zinapita kwa mstari, na mkono wa chuma unazikamata moja moja. Mara inafika chupa iliyovunjika shingo. Mkono unakamata hewa. Chupa za nyuma zinasukumana, zinaanguka, zinapasuka, na mashine inaendelea tu, haina habari! Mpaka anakuja mtu, anaiondoa ile chupa mbovu kwa mkono wake.

Hapo maneno ya nini? Mtu wa Machame asiyejua hata neno moja la Kiholanzi atacheka pale pale anapocheka Mholanzi.

Hapa nchini tulianza kwa njia nyingine. Kati ya mwaka 1935 na 1937, wakati wa Waingereza, ulikuwepo mradi wa sinema za mafunzo kule Vugiri, katika milima ya Usambara. Picha zenyewe zilikuwa bubu. Maneno yalitoka kwenye sahani za santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine. Mwananchi alionyeshwa picha, na papo hapo akaambiwa maana yake.

Picha isiyo na maneno inakuachia maana uitafute mwenyewe. Ni vizuri, lakini ina hatari, na hatari hiyo inatugusa sisi wa mlimani. Wageni wengi hupita Marangu na kamera zao. Tuseme mmoja anampiga picha mama aliyebeba mzigo wa majani kichwani, anapanda kutoka tambarare. Mtazamaji wa Uholanzi ataona nini? Ataona mama maskini aliyechoka. Hatamwona ng'ombe aliyefungwa zizini kwa sababu kihamba ni kidogo, hakuna pa kumchungia. Hataiona samadi inayokwenda kwenye migomba na kahawa. (Wala hatajua baba yuko wapi saa hiyo, lakini hilo tuliache.) Au amwone mzee anafungulia maji ya mfongo alfajiri. Maji atayaona. Zamu atazijuaje? Na ule ugomvi mtu akichukua zamu ya mwenzake?

Nasi tukitazama Glas ni hivyo hivyo. Fundi yule analipwa kiasi gani? Alijifunza kazi kwa miaka mingapi? Ile mashine iliwaacha wangapi bila kazi? Sinema haisemi.

Siku hizi picha za namna hii hutazamwa hata kwenye simu. Kikundi chenu cha kisomo kikipata moja, fungeni sauti, itazameni yote. Kisha gaweni ubao sehemu mbili. Upande mmoja andikeni "tumeona", upande wa pili "tumedhani". Kwa picha ya yule mama, "mzigo wa majani" unaingia upande wa kwanza. "Maskini" linaingia upande wa pili. Kwa "amechoka" mtabishana kidogo, na mbishane.