Si uchawi, ni ubongo

Wewe mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani, someni pamoja.

Tuseme mzee wenu anakaa Bel-Air. Alifanya kazi ya shaba miaka mingi. Leo anatoka kununua makala, hajui njia ya kurudi. Usiku anaamka na kutafuta kofia yake ya kazi. Jirani anasema: "Huyu ni mchawi." Hapana! Pengine ubongo unaumwa. Ugonjwa unataka muganga, hautaki mashtaka.

Kusahau ufunguo kisha kukumbuka ni jambo la kila mtu. Kushindwa na kazi uliyoizoea ni jambo lingine.

Waganga wana vipimo vyao. Kimoja kinachojulikana sana kilitoka Marekani mwaka 1975. Kina alama 30: tarehe, hesabu, kukumbuka maneno matatu, kuandika. Lakini mtu ambaye hakusoma shule anaweza kupata alama ndogo, na akili yake ni nzima. Kwa hiyo habari zenu ninyi jamaa zina thamani kubwa. Msimlinganishe na mtu mwingine. Mlinganisheni na yeye mwenyewe wa mwaka jana.

Jiulizeni:

1. Anauliza neno lile lile mara nyingi kwa siku moja?
2. Anapotea katika njia anayoijua?
3. Mama aliyepika bukari miaka yote, sasa anasahau sufuria motoni?
4. Anakosea pesa za soko?
5. Tabia yake imegeuka?

Kama mambo haya yanazidi, andikeni mliyoyaona, mumpeleke kwa muganga pamoja na dawa zote anazokunywa. Kusahau kwingine kunatibika: kunaweza kuletwa na huzuni nzito, upungufu wa vitamini au dawa fulani. Akichanganyikiwa ghafla, msingoje kesho. Inaweza kuwa malaria kali, sukari, au mshipa wa damu kichwani.

Na wewe uliye kazini, chunga kichwa chako tangu leo. Vaa kofia. Pima presha ya damu. Acha lutuku. Ukitoka kazi ya usiku, lala vizuri. Vumbi la madini ya risasi huharibu ubongo, hasa wa watoto: oga na ubadili nguo kabla ya kurudi nyumbani.

Mzee hakumroga mtu. Amepotea njia tu. Mshike mkono, umrudishe nyumbani.