Udzungwa kwa Miguu ya Uzeeni

Mikumi unaweza kuizunguka ukiwa umekaa kwenye gari. Udzungwa haizungukwi hivyo. Hifadhi hii ya kilomita za mraba 1,990, iliyoanzishwa mwaka 1992, hutembelewa kwa miguu: ukishalipa kiingilio pale Mang'ula, unabaki wewe, mwongozaji na mlima. Ndiyo maana mzee wa Ifakara anaweza kuitazama milima ile maisha yake yote asiikanyage. Wanawe humwambia ni ya vijana, atashindwa kupanda. Mimi kazi yangu ni magoti na nyonga za wazee, na nasema hofu hiyo imekaa upande usio wake. Kazi iko kwenye kushuka.

Tuwachukue babu na bibi, wote wamevuka miaka 65, wameondoka Ifakara alfajiri kabla jua halijawa kali. Kupanda kutawahemesha, lakini kuhema kuna faida yake: pumzi ikikata, mtu husimama, apende asipende. Kushuka hakuna onyo hilo. Pumzi imetulia, moyo haudundi, mtu anajiona amemaliza. Kumbe misuli ya mbele ya paja ndiyo kwanza inaingia kazini. Kila hatua ya kushuka, msuli ule unarefuka huku umekaza ili mwili usiporomoke, kama breki ya lori kwenye mteremko. Kazi ya namna hiyo huumiza nyuzi za msuli kuliko kupanda, na goti hubeba mara tatu ya uzito wa mwili au zaidi. Kijana ana akiba ya msuli. Baada ya miaka 60 akiba hiyo imepungua, hata kwa bibi aliyelima mpunga miaka yote. Paja likichoka goti hutetereka, na mzee huanguka zikiwa zimebaki hatua chache afike getini.

Kwa hiyo njia ichaguliwe kwa mteremko wake. Ile ya maporomoko ya Prince Bernhard, yenye jina la mwanamfalme wa Uholanzi, ni kama kilomita moja, na inamtosha kabisa mwenye goti linalouma. Sonjo ni kama kilomita mbili na nusu. Sanje, ambako maji huanguka jumla ya mita 170, ni mzunguko wa takriban saa nne wenye miinuko mikali. Huko namruhusu mzee anayeweza, nyumbani kwake, kuinuka kwenye kiti na kukaa tena mara kumi mfululizo bila kushika kitu. Kila mmoja awe na fimbo mbili, maana hupunguza mzigo wa goti. Hatua ziwe fupi. Na mwenye mwendo mdogo ndiye amfuate mwongozaji, mwenzake aje nyuma. Wanandoa wengi hufanya kinyume: babu yuko mbele, bibi anamkimbiza, na bibi anapofika pale babu alipopumzikia, babu huyo anaondoka.

Halafu kuna vidonge. Hewa ya Bonde la Kilombero ina unyevu mwingi; jasho halikauki upesi, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Uzeeni kiu nayo huchelewa. Anayetumia dawa ya presha ya kukojoza anaweza kuishiwa maji bila kujua, akainuka alipokuwa ameketi akashikwa na kizunguzungu. Dawa asiache kwa uamuzi wake. Amwone daktari siku chache kabla, na njiani anywe maji mara kwa mara bila kungoja kiu. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamaidi abebe sukari au ndizi, kwa sababu kutembea hushusha sukari mwilini. Akirudi akague nyayo zake, maana mguu wenye ganzi hauonyeshi jeraha kwa maumivu. Suruali iingizwe ndani ya soksi, siafu wamo.

Mwendo wa polepole hauwapunji chochote, na hili ndilo ninalotaka watoto wao walisikie. Tembo na nyati wapo Udzungwa, lakini utajiri wake hasa ni viumbe wasiopatikana kwingine duniani. Mbega wekundu huonekana hata karibu na geti. Ngolaga wa Sanje, nyani mwembamba wa kijivu, aliingia kwenye maandishi ya sayansi baada ya mwaka 1979, pale watafiti Katherine Homewood na Alan Rodgers waliposikia mlio wake. Wenyeji walikuwa wakimjua siku zote. Mlio wa namna hiyo humfikia anayesimama kila baada ya hatua ishirini. Na kule juu ya Sanje bonde hufunguka lote, mashamba ya miwa kwanza, kisha uwanda wa mpunga. Wazee waliowahi kuhamisha vitu usiku kwa mafuriko ya Mto Lumemo watakuwa wamekanyaga milima ile ile inayouleta mto huo mjini kwao.

Wakirudi nyumbani wajue kwamba mapaja huuma zaidi siku ya pili kuliko ya kwanza. Hayo ni maumivu ya msuli: watembee taratibu uani, yataisha ndani ya siku chache bila sindano. Goti lililovimba, au mguu mmoja tu uliovimba na kuuma nyuma ya ugoko, si uchovu wa safari. Mwenye hali hiyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.