Neno «kuenda» katika mafundisho na katika Misa

Hakuna neno dogo tunalolisema mara nyingi kama «kuenda». Tangu asubuhi mama anaenda shambani, mtoto anaenda masomoni, saa inaenda ao haiendi, mambo yanaenda vizuri ao vibaya. Kwa kuwa ni neno la kila siku, muhubiri halifikirii. Lakini akilitumia pasipo kuangalia, wakristu wanaweza kusikia jambo lingine kuliko lile alilotaka kuwafundisha.

Kwanza umbo lake. Vitabu vinaandika «kwenda», na vikiamuru vinasema «nenda», «nendeni». Kwetu Kayna, kama vile Butembo na Beni, watu wanasema «enda» na «muende». Na kwa jambo la desturi wanaongeza -ka mwishoni: «tunaendaka sokoni». Mseminari asiwacheke. Kinande kinasema «erigenda», nayo ni shina lile lile, ila Kiswahili kimepoteza sauti ya g. Tena neno hili linachakaa katika lugha nyingi, kama njia inayopitwa na wengi. Kifaransa kimetoa «je vais» katika «vadere» ya Kilatini, na «j'irai» katika «ire». Waingereza leo wanasema «go», lakini kwa jana wanasema «went», ambalo lilikuwa la kitenzi kingine kabisa.

Maana ya kwanza ni kutoka hapa na kufika pale. Mtu anayeenda ana mahali pa kufika. Mwezi wa sita wa mwaka 2024, wakati M23 walipotwaa Kanyabayonga, watu wengi walishika barabara kuelekea Lubero na Butembo, wakibeba watoto na vyombo. Juu ya watu kama hao hatusemi «wameenda Butembo», kama vile mfanya biashara anavyoenda huko, tunasema «wamekimbia». Lugha yenyewe inajua tofauti.

Sasa ongeza «zake», na mahali pa kufika panapotea. «Alienda zake»: aliondoka, wala hatuulizi wapi. «Enda zako!» ni neno la kufukuza mtu, ao mbwa. Kwa hiyo ninawaomba makatekista wanaoongoza ibada ya siku ya Mungu pasipo padri: musiwaambie watu «muende zenu», hata kama mvua iko karibu.

Kwenye matanga pia tunasikia «ameenda». Neno si baya. Katika karamu ya mwisho Yezu mwenyewe alisema juu ya kuenda kwake kwa Baba, kusudi awatengenezee wanafunzi makao. Lakini Yezu alitaja anakoenda. Muhubiri naye anapashwa kumaliza sentensi: huyu ndugu ameenda kwa nani? Akiliacha neno peke yake, wafiwa wanabaki na nusu ya imani yetu, tena ile nusu inayoumiza.

Maana ya pili ni tajiri zaidi, nayo ni maisha. Waebrania wanatumia kitenzi kimoja, «halak», kwa kutembea na miguu na kwa kuishi mbele ya Mungu. Ndipo inapotoka «halakha», maana yake sheria ya maisha ya Wayahudi. Kiswahili kimefanya vile vile pasipo kufundishwa na mtu: kutoka «enda» kimepata «enenda», na kutoka «enenda» kimepata «mwenendo». Mtoto anayejitayarisha kwa kitubio, akiulizwa juu ya mwenendo wake, anaweza kufikiri ni habari ya njia anayopita kila siku kwenda masomoni. Asikemewe, hakukosa sana. Katekista amwonyeshe kwamba tunapima njia kwa mahali inapofika.

Maana ya tatu iko katika «kuendea», yaani kuenda kwa ajili ya mtu. Mchungaji aliyeacha kondoo tisini na tisa hakuenda tu: alimwendea mmoja aliyepotea. Na katekista anayepanda kilima kwa mguu kusudi aone mgonjwa, anamwendea.

Basi tuje kwa Misa. Mwishoni padri wa zamani alisema «Ite, missa est». Neno hilo «missa» linatoka katika «mittere», kutuma ao kuacha watu waende, na jina la Misa yote lilitoka hapo. Mwaka 2008 Papa Benedikto XVI aliruhusu maneno mengine katika Misale ya Kilatini. Fungu moja linatuma watu watangaze Injili ya Bwana; lingine linawaambia waende kwa amani, wakimtukuza Bwana kwa maisha yao. Angalieni: la kwanza ni kuendea, la pili ni kuenenda. Hakuna hata moja linalosema «muende zenu».

Hata hivi, mtu aliyekimbia kijiji chake na kulala kwa jamaa, akisikia «muende na amani», anaweza kujiuliza: niende wapi? Padri asipite haraka. Kabla ya baraka anaweza kutaja mgonjwa wa shirika anayengojea watu alasiri hiyo, ao shamba la mjane litakalolimwa siku ya tatu, na saa ya kukutana. Hapo neno linapata mahali pa kufika, na yule aliyekimbia anaweza kuenda pamoja na wengine, jembe mkononi.