Shingo Nyeusi Si Uchafu

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo wazazi wengi huliona wakati wa kuogesha watoto, lakini hawajui maana yake. Ni weusi unaotokea nyuma ya shingo. Mtoto anasuguliwa kwa dodoki mpaka analia, na weusi uko pale pale. Shuleni wenzake wanamcheka kwamba haogi. Mtu mzima naye hujifunika mtandio, au hukimbilia krimu za dukani. Mara nyingi weusi huo si uchafu. Ni ngozi inayotoa taarifa.

Weusi wa namna gani?

Ngozi huwa nyeusi kuliko sehemu nyingine, huwa nene na yenye mikunjo, na ukiigusa ni kama kitambaa cha mahameli. Hutokea zaidi shingoni, makwapani na kwenye kinena. Kwa kawaida haiumi, na haiambukizi.

Unatokana na nini?

Tunapokula, sukari huingia katika damu. Kongosho hutoa insulini, ambayo ni kama ufunguo wa kufungulia chembe za mwili ili sukari iingie na kutupa nguvu. Mtu akinenepa sana, hasa tumboni, milango hiyo huwa migumu kufunguka. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi. Insulini iliyozidi huchochea chembe za ngozi kuongezeka upesi, na ngozi huwa nene na nyeusi. Hali hii yaweza kudumu miaka mingi huku sukari katika damu ikiwa bado ya kawaida. Kongosho likichoka, sukari hupanda, na huo ndio ugonjwa wa kisukari wa aina ya pili.

Watafiti wamegundua nini?

Mwaka 1989 madaktari wa Galveston, katika jimbo la Texas huko Marekani, walitangaza matokeo ya kuwachunguza watoto wa shule zaidi ya 1,400. Karibu watoto 7 katika kila 100 walikuwa na weusi huu, na wenye weusi walikuwa na insulini nyingi katika damu. Baadaye jimbo hilo likaanzisha ukaguzi wa shingo za wanafunzi katika maeneo kadhaa, ili watoto walio hatarini wajulikane mapema.

Je, kujua mapema kunasaidia? Ndiyo. Mwaka 2002 yalitolewa matokeo ya utafiti mwingine wa Marekani uliohusu watu wazima 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda, lakini hawajawa wagonjwa. Waliofundishwa kupunguza uzito na kufanya mazoezi walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformini waliipunguza kwa asilimia 31. Lengo halikuwa kubwa mno: kupunguza asilimia 7 ya uzito, yaani kilo 6 hivi kwa mtu wa kilo 90, na kutembea kwa haraka dakika 150 kwa wiki. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano.

Mambo ya kuacha

Acheni kusugua kwa nguvu au kwa jiwe. Ngozi inaumia, na weusi hauondoki. Acheni pia mkorogo na krimu za kujichubua. Baadhi zina zebaki, ambayo huharibu figo. Nyingine zina steroidi, ambazo hudhoofisha ngozi na zaweza kupandisha sukari. Mtu anayejaribu kuficha dalili ya kisukari hujikuta anauongeza ugonjwa wenyewe.

Mambo ya kufanya

1. Nendeni kupima sukari asubuhi kabla ya kula chochote. Chini ya 6.1 ni kawaida. Kuanzia 6.1 hadi 6.9 ni onyo. Ikiwa 7.0 au zaidi, na mtu hana dalili nyingine, kipimo hurudiwa siku nyingine ili kuthibitisha.

2. Punguzeni soda, juisi za dukani na sukari kwenye chai. Mboga za majani na maharage zijae zaidi kwenye sahani, na ugali au wali upungue. Chakula kibadilike kwa familia nzima. Mtoto mmoja asitengwe mezani kama aliyekosa.

3. Watoto wacheze na kutembea. Tusiwanyime chakula, wanakua bado.

Uzito na insulini vikipungua, weusi nao hupungua taratibu, kwa miezi kadhaa.

Angalizo

Si kila mwenye shingo nyeusi ana kisukari, na mwenye shingo safi asijione amesalimika. Wengine wana hali hii kwa kurithi, au kwa sababu ya dawa fulani au matatizo ya homoni. Lakini mtu mzima akitokewa na weusi huu ghafla, ukaenea upesi huku anakonda, afike hospitali bila kuchelewa, kwani yaweza kuwa dalili ya saratani ya tumbo. Vilevile mwenye kiu kali, kukojoa mara kwa mara na kukonda, awe mtoto au mtu mzima, apimwe sukari siku hiyo hiyo.

Kisukari kikichelewa kugunduliwa huharibu macho, figo na miguu. Kukipima ni tone moja la damu kutoka kidoleni.