Nyonga na Paja: Jeraha Lipi la Hospitali, Lipi la Nyumbani?

Katika vikundi tunavyotembelea, habari za kuumia nyonga na paja hazikosi. Kijana ameanguka na bodaboda. Mama ameteleza akitoka mtoni na mtungi. Nyanya ameanguka usiku akienda choo. Na jibu la majirani mara nyingi ni moja: "Ameteguka tu, mkandeni kwa maji moto." Kwa mwingine hakuna hasara kubwa. Kwa mwingine jibu hilo linamfanya kilema, hata kumtia kaburini. Basi tujifunze kutofautisha.

KWANZA TUUJUE MWILI

Fupa la paja ndilo refu kuliko yote mwilini. Kichwa chake ni cha mviringo, nacho huingia ndani ya mfupa wa kiuno kama ngumi ndani ya kiganja. Hapo ndipo nyonga. Shingo ya fupa hilo ni nyembamba, na kwa wazee, hasa akina mama, mfupa hupungua nguvu. Kwa hiyo kuanguka kidogo tu kunatosha kuuvunja. Paja nalo limezungukwa na misuli minene: ya mbele hunyoosha goti, ya nyuma hulikunja, na ya ndani huvuta mguu karibu na mwenzake.

ANGALIA KABLA YA KUMWINUA

Usimvute mtu asimame. Muulize ameangukaje na maumivu yako wapi. Nyonga ikiumia, maumivu huwa hasa kwenye kinena. Halafu akiwa amelala chali, linganisha miguu yote miwili.

1. Mguu umekuwa mfupi na wayo umegeukia nje, naye hawezi kuuinua: inaelekea nyonga imevunjika.

2. Amepata ajali ya gari, mguu umejikunja na goti limegeukia ndani: inaelekea kichwa cha fupa kimechomoka. Msijaribu kukirudisha wenyewe. Kila saa inayopita kichwa hicho kinakosa damu, na chaweza kuoza baadaye.

3. Paja limevimba upesi au limepinda katikati: fupa la paja limevunjika. Damu ya lita moja au zaidi inaweza kumwagikia ndani ya paja bila tone kuonekana nje. Akitoa jasho baridi na moyo kwenda mbio, maisha yake yako hatarini.

4. Anatembea akichechemea, na maumivu yako sehemu moja ya nyama: yawezekana ni msuli tu.

Lakini tahadhari! Mzee anaweza kupiga hatua chache hali mfupa una ufa. Mzee yeyote aliyeanguka na kusikia maumivu ya kinena apigwe picha ya eksirei, hata kama anatembea. Na mtoto anayechechemea akiwa na homa, ingawa hakuanguka, apelekwe siku hiyo hiyo, maana usaha unaweza kuwa ndani ya nyonga. Mtoto pia huweza kulalamikia goti kumbe ugonjwa uko nyongani.

KUMFIKISHA HOSPITALI

Asipandishwe bodaboda. Tengenezeni machela: chukueni magunia mawili yenye nguvu, toboeni pembe za chini, pitisheni miti miwili mirefu. Kama paja au nyonga imevunjika, wekeni blanketi katikati ya miguu, kisha fungeni mguu mbaya pamoja na ule mzima kwa leso, juu na chini ya mahali palipovunjika. Kama nyonga imechomoka, msiunyooshe mguu. Uegemezeni kwa mito kama mlivyoukuta. Mfunikeni asipate baridi. Asipewe chakula, kwa sababu anaweza kuhitaji operesheni. Nyonga ya mzee iliyovunjika hufaa kufanyiwa operesheni mapema, ndani ya siku moja au mbili ikiwezekana.

Wako watu vijijini wanaojulikana kwa kufunga mifupa, na tunawaheshimu. Lakini nyonga na paja si kazi ya kufungia nyumbani. Kamba ikikazwa sana, damu haipiti na mguu huoza.

MSULI ULIOCHANIKA AU KUPIGWA

Huu ndio unaotunzwa nyumbani. Siku mbili tatu za mwanzo mtu apumzike, ainue mguu, na kuwekewa kitambaa cha maji baridi kwa dakika 15 hivi, mara kadhaa kwa siku. Msikande, msisugue dawa kali, msitumie maji moto siku hizo. Paja lililopigwa vibaya likisuguliwa mapema huvuja damu zaidi, na pengine mfupa huota ndani ya nyama. Kama mtu alisikia kitu kimekatika, au pameingia shimo kwenye msuli, aende akaonwe.

Maumivu yakipoa, asikae kitako. Mazoezi ni haya, kila moja mara 10, asubuhi na jioni:

- Akiwa amelala, akaze msuli wa paja na kuhesabu hadi 5, kisha alegeze.
- Avute kisigino polepole kuelekea makalio, halafu anyooshe.
- Akunje magoti yote mawili, ainue kiuno kutoka mkekani.
- Akae kitini na kusimama bila kushika.

Akivuta kidogo si neno. Maumivu yakizidi hadi kesho yake, apunguze. Mchaniko mdogo hupona kwa wiki moja hadi tatu. Mkubwa huchukua miezi. Asirudi kucheza mpira wala kubeba gunia mpaka aweze kurukaruka kwa mguu ule bila maumivu.

ALIYETOKA HOSPITALI

Huyu afuate kwanza maagizo ya daktari kuhusu uzito anaoweza kuuwekea mguu. Baada ya operesheni ya nyonga, wengi huinuliwa kitandani kesho yake. Kulala tu ndiko kunakowaua wazee: vidonda vya mgongoni, kichomi, na damu kuganda. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa mbili.

Fimbo ishikwe kwa mkono wa upande ulio mzima, na urefu wake ufike kwenye kifundo cha mkono akiwa amesimama. Akipanda ngazi mguu mzima utangulie. Akishuka, mbaya utangulie.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Wekeni machela moja mahali panapojulikana. Tengeni fedha za gari la dharura. Hakikisheni kila mwanachama amejiandikisha SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Fungeni mti wa kushikilia katika vyoo vya wazee, na muondoe mawe njiani. Gawaneni zamu za kumfanyisha mgonjwa mazoezi, maana peke yake hukata tamaa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni wazee gani kijijini petu walioanguka na hawajaonwa na daktari?
2. Mtu akivunjika paja saa nane za usiku, tutampigia nani simu?
3. Ni choo cha nani tutakachoanza kutengeneza wiki hii?