Jokofu kuukuu: Piga hesabu kabla ya kupiga rangi

MTEJA anaposimama mbele ya kibanda kuulizia mtindi au soda ya baridi, kitu cha kwanza anachokiona ni mlango wa jokofu. Mlango ukiwa umeliwa na kutu na rangi inabanduka kama maganda ya muhogo, huanza kujiuliza hali ya vilivyomo ndani. Wengine huondoka bila kusema neno.

Ndiyo maana wenye vibanda, mama lishe na wauza lambalamba wengi hununua kopo la rangi na kulipaka jokofu wenyewe. Kazi hiyo inawezekana kabisa nyumbani, bila mashine ya kupulizia. Hata hivyo, rangi hutibu ubovu wa nje tu. Haiongezi ubaridi wala haipunguzi umeme unaotumika. Mfanyabiashara asiyelitambua hilo anaweza kutumia fedha za mtaji kulipamba jokofu linalomfilisi.

Pima mashine kwanza

Kazi ya kwanza haihitaji brashi, bali mita ya LUKU. Mwenye jokofu azime taa na vifaa vingine vyote, abakize jokofu peke yake, kisha asome mita saa 12 jioni na kuisoma tena saa 12 asubuhi. Tofauti ya uniti akiizidisha mara mbili, atapata makadirio ya matumizi ya siku nzima. Mchana matumizi huwa makubwa zaidi, kwa sababu ya joto na mlango kufunguliwa mara kwa mara.

Tuseme jokofu hilo linakula uniti tatu kwa siku, wakati lililo zima la ukubwa huo lingekula uniti moja. Uniti mbili zinazopotea kila siku ni uniti 60 kwa mwezi. Kama uniti moja ni Sh350, hizo ni Sh21,000 kila mwezi. Ikiwa vifaa vya kupaka rangi vitagharimu Sh45,000, basi umeme unaopotea kwa miezi miwili na siku chache tu unatosha kulipia kazi yote ya rangi.

Mara nyingi chanzo cha upotevu huo ni mpira wa mlango. Kuujaribu ni rahisi: noti ibanwe kati ya mlango na mwili wa jokofu, kisha ivutwe taratibu. Ikitoka bila ubishi, mpira umelegea na baridi inavuja. Jaribio hilo lirudiwe pande zote nne. Kabla ya kununua mpira mpya, uliopo uoshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kwa kuwa wakati mwingine ni uchafu tu unaouzuia kushika.

Jambo la pili ni gesi. Kibao kilicho nyuma au karibu na kompresa huonyesha aina yake. Likiwa limeandikwa R12, hilo ni jokofu la zamani sana. Gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, nchi zinazoendelea zilitakiwa kuacha kuitumia ifikapo mwaka 2010. Gesi ikivuja, kuijaza upya ni taabu. Jokofu la R12 lililoacha kugandisha halistahili kopo la rangi.

Jambo la tatu ni kuta. Kati ya bati la nje na plastiki ya ndani kuna sponji ngumu inayozuia joto. Kutu ikitoboa bati, maji huingia kwenye sponji, na sponji iliyolowa haizuii joto tena. Tundu dogo linaweza kuzibwa. Lakini ukuta uliooza sehemu kubwa, hasa chini ya mlango, ni dalili kwamba umri wa jokofu umekwisha.

Kiasi cha rangi

Wengi hununua rangi nyingi kuliko wanavyohitaji. Chukua jokofu lenye kimo cha mita 1.5, upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60. Mlango na pande mbili ni mita za mraba 0.9 kila kimoja, na juu ni 0.36. Jumla ni kama mita za mraba tatu. Lita moja ya rangi ya mafuta hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Kwa mikono miwili, kopo la lita moja linatosha na kubaki. Praima ya kuzuia kutu inatosha nusu lita.

Rangi za kopo la kupuliza hung'aa vizuri, lakini kopo la mililita 400 kwa kawaida hufunika mita moja hadi mbili za mraba kwa mkono mmoja. Jokofu zima litahitaji makopo kadhaa, na gharama hupanda haraka.

Rangi nyeupe au nyepesi inafaa zaidi kwa jokofu linalokaa barazani. Rangi nyeusi au ya bluu iliyoiva hunywa joto la jua, na kompresa hulazimika kufanya kazi zaidi.

Hatua za kazi

Jokofu lichomolewe kwenye umeme, litolewe vitu vyote, na barafu iachwe iyeyuke yenyewe. Kukwangua barafu kwa kisu kumetoboa mabomba ya gesi ya majokofu mengi. Likihamishwa, libaki wima. Likilazimika kulazwa, lisimamishwe kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake.

Kazi ifanyike nje, kivulini, siku isiyo na mvua wala vumbi, na mbali na jiko. Mvuke wa tina na rangi hushika moto. Tahadhari izidi kwa jokofu lenye kibao cha R600a, kwa kuwa gesi hiyo nayo hulipuka ikivuja karibu na moto.

Mwili wote uoshwe kwa sabuni ili kuondoa mafuta ya vidole na moshi wa jikoni. Rangi haishiki juu ya mafuta. Kutu ikwanguliwe kwa brashi ya waya, kisha ipigwe msasa wa namba 80 au 120 mpaka bati jeupe lionekane. Kutu ikiachwa chini ya rangi huendelea kula, na baada ya miezi michache rangi mpya huvimba na kubanduka. Sehemu ambazo rangi ya zamani bado imara zipigwe msasa laini wa namba 220 hadi ziache kung'aa, bila kufika kwenye bati.

Mabonde na matundu madogo yazibwe kwa pati ya mafundi wa bodi za magari, yakauke, yasawazishwe kwa msasa. Vumbi lote lifutwe kwa kitambaa kikavu. Vishikio, mpira wa mlango, kibao cha maelezo na wavu mweusi wa nyuma vifunikwe kwa karatasi na gundi. Wavu huo ndio unaotoa joto nje, hivyo usafishwe vumbi tu, usipakwe rangi.

Praima hupakwa kwanza, ikifuatiwa na mikono miwili myembamba ya rangi kwa rola ndogo ya sponji. Mkono mmoja mzito hutiririka na huchelewa kukauka ndani. Kila mkono uachwe ukauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, mara nyingi kama saa 24 kwa rangi ya mafuta. Kwa kuwa tina kali huweza kukunja rangi ya zamani, ni busara kujaribu kwanza sehemu ndogo ya ubavuni.

Ndani kusiguswe

Rangi ya kawaida isipakwe ndani ya jokofu hata kidogo. Haikutengenezwa kugusana na chakula, na maziwa hushika harufu upesi. Ndani panahitaji kuoshwa tu kwa maji ya vuguvugu yenye magadi kidogo ya kuokea. Baada ya kupaka nje, jokofu liachwe siku kadhaa bila kuwekwa chakula, hadi harufu iishe kabisa. Muuza mtindi apange mapema mahali pa kuhifadhi bidhaa zake siku hizo, maana hasara ya maziwa yaliyoharibika yaweza kuzidi gharama ya rangi.

Jokofu lililoazimwa na kampuni ya soda lisipakwe rangi. Hiyo ni mali ya kampuni, na mwenye kibanda akiona kutu awasiliane na wakala wake.

Rangi idumu

Katika miji ya pwani kama Tanga, Dar es Salaam na Mtwara, hewa ya chumvi huharakisha kutu. Huanzia chini, ambako maji ya kudekia na ya barafu hutuama. Jokofu likiinuliwa kwa mbao au matofali na kufutwa kwa kitambaa kikavu kila jioni, rangi hudumu zaidi.

Mwisho, gharama irudi. Ikiwa faida ya soda moja ni Sh100, Sh45,000 za rangi ni sawa na soda 450. Jokofu safi likileta wateja 15 zaidi kwa siku, kila mmoja akinunua soda moja, fedha hiyo itarudi kwa siku 30. Wasipoongezeka, itakuwa pambo tu. Mwenye kibanda aandike daftarini mauzo ya mwezi kabla ya kupaka na ya mwezi baada ya kupaka, apate jibu lake mwenyewe.