Ukungu wa mahindi na saratani ya ini

Wakazi wa Machakos wanaukumbuka mwaka wa 2004. Katika wilaya za mashariki na kati ya Kenya, zikiwemo Machakos, Makueni na Kitui, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yenye ukungu na 125 wakafariki. Sumu ya ukungu huo huitwa aflatoksini.

Anayekula sumu hiyo kidogo kidogo kwa miaka mingi huenda asiugue mara moja, lakini yumo hatarini kupata saratani ya ini. Kwa nini?

Kila seli ya mwili ina jeni, yaani maagizo ya urithi. Jeni moja, p53, ni kama askari wa zamu. Seli ikiharibika, p53 huizuia isigawanyike au huifanya ife. Ini linapovunjavunja aflatoksini, hutokea kemikali inayoshika jeni hii na kuiharibu. Mwaka wa 1991 watafiti walikuta dosari ya aina moja katika p53 za wagonjwa wa China na wa kusini mwa Afrika. Askari akinyamazishwa, seli mbovu huongezeka ovyo hadi zikawa uvimbe.

Hatari huzidi kwa mwenye virusi vya hepatitisi B, hivyo mtoto apelekwe kupata chanjo.

Kupika hakumalizi sumu. Anika mahindi juu ya turubai, si mchangani, hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5. Yenye ukungu usimpe hata ng'ombe, kwani sumu hupitia kwenye maziwa.